Aproni ya Jumanne

Burbank, California
11 Januari 2005

Dada Rolande,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa uani, nimevaa fulana, chini ya mlimau wangu. Najua umeshakunja uso, kwa hiyo habari za hali ya hewa naziacha hapo. Mimi mzima. Mgongo unanisumbua asubuhi, ikifika mchana unasahau. Binti yangu Celeste amehamia Sacramento na yule mchumba wake mpiga tarumbeta. Nimemwuliza mara mbili kama kweli kuna watu wanaoishi kwa tarumbeta, akaniambia, "Baba, acha." Nimeacha.

Mama je? Miaka themanini na minane si mchezo. Mpe busu langu la sikukuu ya kuzaliwa, kwenye paji la uso, maana mashavu hapendi. Zawadi yake imo humu kwenye boksi. Usiogope, si shali nyingine.

Ni DVD. Kazi yetu hapa dukani unaijua: watu wanatuletea filamu za michezo ya zamani ya televisheni, zimejaa mikwaruzo na mavumbi, sauti inachemka kama mafuta ya kukaangia. Sisi tunazisafisha, wao wanaziuza kwa wazee kama sisi wakazitazame nyumbani. Sasa sikia walichotuletea safari hii. Ghorofa ya Tatu, ule mchezo wa vichekesho wa wapangaji! Yenyewe, dada! Ya Jumanne saa mbili usiku, na nyuma yake Kofia ya Nani?, ule mchezo wa zawadi ambapo mume anaonyeshwa kofia kumi na mbili na kuambiwa achague ya mkewe. Kuna mzee mmoja, mkuu wa posta kutoka Ohio, anachagua kwa madaha kabisa, kumbe kofia ni ya mama mkwe. Nilikuwa peke yangu chumbani na vipokea sauti masikioni, nikacheka mpaka bosi akaja kuchungulia.

Mwekee Mama. Ukae naye, mtazame pamoja. Ni hilo tu.

Mdogo wako,
Laurier


Biddeford, Maine
30 Januari 2005

Mdogo wangu Laurier,

Marahaba. Bomba la chini liliganda Jumanne iliyopita na Gertrude Paradis wa ghorofa ya chini akalipuliza kwa mashine yake ya kukaushia nywele saa mbili nzima, amejifunga mtandio kichwani kama anazima moto. Limefunguka. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya huku, maadamu wewe umeiacha ya kwako.

Mimi sijambo. Mama ndiye anayenitia wasiwasi. Tangu Krismasi fizi zimemvimba na meno yake ya bandia yanamchubua. Muuguzi anayekuja Jumatano kasema yatolewe yakae nje, fizi zipumzike. Hasikii. Kamwambia muuguzi bora afe nayo mdomoni. Basi mimi nikayachukua nikayaweka kwenye glasi, na tangu siku hiyo Mama hali mbele ya mtu. Namwekea maharage yetu ya kila Jumamosi, laini kabisa, anageuza kiti akaelekea ukutani na kitambaa mdomoni, anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba. Nguo zinamning'inia. Hata Gertrude, aliyemjua miaka arobaini, hataki amwone. Nimejaribu kubembeleza na nimejaribu kufoka.

Asante kwa zawadi. Nimeiweka kwenye droo ya mishumaa na itakaa humo.

Usinune. Wewe ulikuwa mdogo, umejilaza kwenye zulia na mikono kidevuni, macho kwenye sanduku, dunia ingeanguka usingejua. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, na mlango ulikuwa wazi. Kila Jumanne, Laurier. Baba yuko kiwandani zamu ya usiku, Mama amekaa kwenye kochi amenipa mgongo, na ikifika katikati ya mchezo anainua aproni anaficha uso, mabega yanatikisika. Yanatikisika hivi mpaka kochi linalia. Akija jikoni macho mekundu, namwuliza, "Mama, nini?" Ananiambia, "Si kitu, jicho tu." Na wale watu ndani ya sanduku wanacheka kwa sauti, wanacheka, na mama yangu analia. Niliwachukia. Mpaka leo nikisikia kicheko kile cha televisheni za zamani nazima.

Kwa hiyo pole na kazi yako nzuri.

Dada yako,
Rolande


Burbank
20 Februari 2005

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na bomba, na mpe pole Gertrude pamoja na mashine yake. Huku hakuna jipya. Yule mpiga tarumbeta kapata kazi kwenye meli za watalii, kwa hiyo nimekula maneno yangu. Kuhusu Mama, jaribu uji wa shayiri na ile sharubati tamu ya utomvu wa mti, alikuwa hakatai.

Nikwambie kidogo kuhusu vicheko, maana ndiyo kazi yangu na hujawahi kuniuliza. Vingi unavyosikia kwenye michezo ya baadaye ni vya kubandika. Kulikuwa na mafundi wenye mashine ya vifungo, wanabonyeza kicheko cha bibi mnene, wanabonyeza kicheko cha kundi. Mimi vile navijua, navikuta tena na tena kama majirani. Lakini Ghorofa ya Tatu ilichezwa mbele ya watu, na kicheko cha kweli unakitambua kwa sababu hakijanyooka. Ndani yake kuna mtu anakohoa. Kuna aliyechelewa kuelewa. Bosi wetu ana sheria moja: mikwaruzo ondoa, kikohozi acha.

Na kuna kitu kingine nimejifunza baada ya kukaa na vicheko miaka ishirini na sita. Kuna watu wanaocheka bila kutoa sauti. Ukumbi mzima unaweza kuwa umejaa, na wao huwasikii hata kidogo.

Mwekee tu, dada. Ile ya pili, ya mkuu wa posta. Nakuomba.

Laurier


Biddeford
Jumatatu ya Pasaka, 28 Machi 2005

Laurier,

Heri ya Pasaka. Tulikula paja la nguruwe, yaani mimi nililila, Mama alilisukuma pembeni. Theluji imeanza kuyeyuka na uani kwetu pameibuka koleo lililopotea tangu Novemba. Sharubati ya mti alilamba, shayiri akaiacha.

Nimekusikiliza, ujinga wangu. Jana jioni nikaitoa DVD yako kwenye droo, nikawasha. Nikajisemea labda miaka hamsini imepita, labda atafurahi, na wewe umeomba. Nikakaa nyuma kidogo nikishona soksi. Ukaanza ule muziki, Mama akakaa wima kama kaitwa jina. Ikaja ya kofia. Mzee wako wa Ohio hajafika hata kofia ya tano, naona Mama kashika kile kitambaa chake cha mdomoni, kakipandisha mpaka machoni, na mabega, Laurier. Yale yale. Mwili wenyewe sasa umebaki mifupa, unatikisika wote. Nilizima pale pale. Nikamkumbatia, akanisukuma. Akaniangalia kwa hasira ambayo sijaiona tangu Baba afariki. Kisha akageukia ukuta na hajasema nami mpaka leo mchana.

Umeridhika?

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, maana nimechoka kukibeba na wewe umekichokoza. Mwaka hamsini na tisa nilikubaliwa chuo cha ualimu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, labda unakumbuka bahasha. Mtawa aliyenifundisha hesabu ndiye aliyeniandikia barua za kuniombea. Nilikuwa nimeshanunua sanduku la nguo. Jumanne moja ya Agosti nikasimama kwenye ule mlango na sahani mkononi, nikamwona na aproni yake usoni, nikajiambia, huyu nikimwacha atakufa kwa huzuni ambayo hataki kuitaja. Barua ya chuo nikawashia jiko. Miaka thelathini na minane kiwanda cha viatu, nashona visigino, halafu kustaafu, halafu hapa. Sijutii kumtunza Mama, usije ukanielewa vibaya. Lakini nimemlinda na kitu ambacho sikijui. Nimelinda mlango miaka yote bila kujua adui ni nani.

Basi nakuuliza wewe. Ulikuwa miguuni pake, karibu naye kuliko mimi. Alikuwa analilia nini? Uliwahi kuona? Uliwahi kumwuliza?

Rolande


(Kadi ya posta yenye picha ya ufukwe)
Burbank, 9 Aprili 2005

Dada, barua imefika. Kazi zimenibana hapa, filamu za mchezo mwingine zimeingia juzi. Mlimau umezaa vibaya sana, nagawia mtaa mzima. Nitakuandikia vizuri.
L.


(Kadi)
Biddeford, 1 Mei 2005

Sikukuuliza habari za mlimau.
R.


Burbank
22 Mei 2005

Dada yangu Rolande,

Shikamoo. Sina habari za mtu mwingine leo. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zilikuwa na mzaha ndani, nikazichana.

Mama hakuwa analia. Alikuwa anacheka.

Naomba usiiweke barua chini, soma mpaka mwisho. Unajua ana meno ya bandia, lakini sidhani unajua aliyapata lini. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa babu, baba yake. Ndivyo walivyowafanyia wasichana wengi wa parokia siku zile: mwezi mmoja kabla ya harusi unakalishwa kwenye kiti cha daktari, yanatoka yote, mazima na mabovu, ili mume asije akahangaika na meno yako maisha yote. Watu walipongeza. Bibi harusi anaingia kanisani na meno meupe pe, na siku ile kila mtu anasema kapendeza.

Miaka kumi na mitano baadaye fizi zilikuwa zimekonda na yale ya juu yamelegea. Akisema taratibu yanakaa. Akila kidogo kidogo yanakaa. Akicheka yanaanguka. Baba hakuwahi kumwona bila meno, mpaka anaingia kaburini. Mama alilala nayo.

Mimi nilijua tangu nina miaka saba. Jumanne moja nimelala pale kwenye zulia, yule mpangaji wa Ghorofa ya Tatu kaficha bata mzinga ndani ya piano, na piano inaanza kupigwa. Nikageuka nimtazame Mama nione kama na yeye anaona. Nikaona meno yake yamedondoka kwenye aproni, mapajani, na uso wake umebonyea, machozi yanamtoka, anacheka mpaka hawezi kupumua, na hakuna sauti hata moja. Akaniona. Akainua aproni haraka. Kisha akaishusha kidogo, macho tu, akaweka kidole pale penye midomo. Baadaye akaniambia, "Usimwambie mtu. Hata baba yako. Hata Rolande." Nikaapa. Tangu siku hiyo kila Jumanne nikawa nageuka, ananionyesha macho juu ya aproni, tunacheka pamoja bila sauti. Ilikuwa siri yetu. Nilijiona tajiri.

Hiyo ni siri ya mtoto, na kama ingekuwa hiyo tu, ningekuwa nimekuandikia Aprili.

Agosti ya hamsini na tisa uliniambia. Umesahau? Ulikuja chumbani kwangu na lile sanduku lako jipya, ukalisukuma chini ya kitanda changu, ukasema, "Siendi, siwezi kumwacha, unaona anavyolia Jumanne." Nilifungua mdomo, nakumbuka kabisa, nikaufunga. Nilitaka kusema nimeapa, lakini si kweli kwamba kiapo ndicho kilichonizuia. Sikutaka uondoke. Wewe ndiye uliyenisomesha hesabu, wewe ndiye uliyekuwa ukiongea ndani ya nyumba ile. Nikakuacha ubaki.

Hata hilo ningeweza kujisamehe, mtoto ni mtoto. Lakini mwaka sitini na nne nilikuwa na miaka kumi na minane na tiketi ya basi mfukoni, na wewe ulikuwa bado una ishirini na tatu. Chuo kilikuwa bado kipo pale pale. Tulisimama kituoni, ukaniambia niende na moyo mweupe, Mama yuko na wewe. Ningekuambia pale, ungeweza kwenda, na mimi ningebaki. Nilijua hivyo. Nikapanda basi.

Mficha uchi hazai, na mimi wangu nimeuficha miaka arobaini na sita. Nimekaa ndani ya chumba kisicho na dirisha nikisafisha vicheko vya watu nisiowajua, na kila nikisikia ukumbi unacheka namwona Mama, na nyuma yake nakuona wewe mlangoni na sahani.

Siku ya Pasaka alikukasirikia kwa sababu ulizima. Ndiyo maana tu, Rolande. Alikuwa anafurahi.

Nastaafu mwisho wa Juni. Sikuombi kitu.

Laurier


(Kadi)
Biddeford, 5 Julai 2005

Barua yako ilifika tarehe 27 Mei. Mama hajambo. Usipige simu, nitakata.
R.


Burbank
14 Agosti 2005

Dada,

Shikamoo. Nimestaafu. Walinipa keki yenye umbo la televisheni, na bosi akakohoa katikati ya hotuba, watu wote wakapiga kelele, "Kikohozi acha!" Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nyumba ni kimya. Nasubiri tu.

Laurier


Biddeford
25 Septemba 2005

Mdogo wangu Laurier,

Marahaba. Majani yameanza kubadilika rangi. Gertrude Paradis kaanguka ngazini akateguka mguu, lakini ulimi haukupata jeraha, kwa hiyo mtaa mzima una habari. Mama kaongeza ratili sita. Nitakueleza.

Nilikuchukia kwanza. Sitaki kukuficha, maana kufichana kumetufikisha hapa. Niliisoma barua yako nikaiweka mezani, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Juni yote nilikuwa nikikuapiza nikiwa njiani kwenda kanisani, na nikirudi naendelea. Lile sanduku la nguo bado liko chini ya kitanda ulicholalia. Nikalitoa, nikalifungua, halina kitu ndani, hata harufu. Nikalia, Laurier. Kulia kwa kweli, kwa sauti, Gertrude akagonga dari na ufagio.

Kisha hasira ikachoka yenyewe. Mtu wa miaka sitini na minne hana pumzi ya kuchukia sawasawa.

Mwanzoni mwa Agosti nikaitoa ile DVD tena. Safari hii sikukaa nyuma. Nilichukua kiti nikakiweka pembeni ya televisheni, nikaipa mgongo, nikamkabili Mama. Nikawasha. Mkuu wa posta wako akaanza kupapasa kofia zake. Mama akakitafuta kitambaa. Nilikuwa nimekificha. Akaniangalia, akaweka kiganja mdomoni.

Sasa sikia nilichofanya, na ukimwambia mtu tutagombana. Mimi nina matatu ya bandia, ya mbele juu, tangu niteleze kwenye barafu mwaka tisini na sita. Nikayatoa pale mbele yake. Nikaenda jikoni nikayatumbukiza kwenye glasi moja na ya kwake, nikarudi nikakaa, nikamtolea pengo langu lote. Mama akaniangalia. Akaniangalia sana. Wakati huo nyuma yangu mzee wa watu kachagua kofia ya mama mkwe, ukumbi mzima umelipuka, na mkono wa Mama ukashuka wenyewe mapajani.

Sikuwa nimewahi kumwona. Miaka sitini na minne niko naye, siku hizi namwosha, namvisha, namkata kucha, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akicheka. Mdomo wazi kabisa, fizi tupu, kichwa nyuma. Na ana sauti! Hukuniambia hivyo, labda na wewe hujui. Aproni ilikuwa inaimeza. Ni sauti nyembamba ya kitoto, inapanda juu halafu inakosa pumzi na kuanza upya. Nikacheka na mimi, simcheki mzee wa kofia, sikumwona hata uso. Tulicheka mpaka Gertrude akapiga tena ufagio, tukazidi.

Ilipokwisha Mama akafuta macho. Huongea maneno matatu kwa siku siku hizi, lakini hayo aliyasema mazima. Alisema, "Vyombo gani vile, Rolande, visivyokwisha? Kila Jumanne nilikuwekea nafasi kwenye kochi. Nikadhani wewe hupendi kucheka."

Nimekaa na maneno hayo wiki saba. Na mimi nakupa ukae nayo.

Siku ile ile alikula. Aligeuza kiti chake kutoka ukutani yeye mwenyewe, akaomba maharage tena. Tangu hapo ni kila jioni, moja ya Ghorofa ya Tatu na moja ya kofia, na Gertrude hupanda na mguu wake mbovu kuja kutazama, na Mama hajifichi kwake. Tumezimaliza zote mara tatu. Anajua majibu na anayapigia kelele.

Sasa nisikilize. Sijakusamehe. Ulikuwa mtoto, nimekubali. Pale kituoni hukuwa mtoto. Nikijaribu kusema nimekusamehe nitakuwa nadanganya, na uwongo wa kwetu umetosha. Lakini nimefikiri njia.

Tiketi yako imo humu ndani. Ni ya tarehe mosi Novemba, na ya kurudi ni mwisho wa Machi. Ndiyo, baridi yote. Mimi yangu ni ya siku ile ile, ya kuja huko, na nitakaa nyumbani kwako. Tutapishana angani, na ni afadhali; Gertrude atakaa na Mama mpaka ufike. Ufunguo niachie kwa jirani. Celeste nimempigia, kasema atakuja na huyo wa tarumbeta anionyeshe mji. Nimeandika pia kwenye chuo kimoja cha huko kuuliza kama wanapokea vikongwe kwenye masomo ya hesabu ya jioni. Wamenijibu kwamba wanapokea yeyote mwenye kalamu. Kalamu ninayo.

Nikifika nitakaa chini ya huo mlimau wako uliousifu miaka yote, nijaribu tena lile neno la kusamehe, nione kama linatoka.

Mambo ya hapa ni haya. Tanuru lisipowaka, lipige teke upande wa kushoto, si kwa nguvu. Muuguzi ni Jumatano, mpe kahawa, anapenda kusifiwa nywele. Maharage yaloweke tangu Ijumaa. Gertrude ana ufunguo na hatabisha hodi, zoea. Leta vipindi vingine kama bosi wako wa zamani anavyo, hivi tumevichakaza. Mama ukimwuliza atakuambia hakuhitaji, usimsikilize, tangu nimwambie unakuja, kila asubuhi anauliza kama leo ni Novemba. Jioni kaa kwenye kochi, ile nafasi ya kushoto. Vyombo viache kwenye sinki mpaka asubuhi.

Na meno yake yako kwenye glasi, dirishani jikoni. Yaache humo humo.

Dada yako,
Rolande